Huruma Imlazayo Mgonjwa

Shangazi yangu, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa akiamka kabla ya adhana ya alfajiri kukaanga vitumbua katika ua wa nyumba yetu huko Pangani, alipatwa na kiharusi asubuhi moja ya msimu wa kusi, na baada ya siku 9 alirudishwa kutoka hospitali akiwa hai, presha yake imeshuka, mdomo umekwenda upande kidogo, na mkono na mguu wake wa kulia vimelegea kama kamba iliyolowa. Tulimpokea kwa furaha isiyo kifani. Majirani walijaa barazani, mwalimu wa chuoni akaja kusoma dua, na kila aliyeingia alisema alhamdulillahi kwa moyo mkunjufu, maana mwezi ule ule mtaa wetu ulikuwa umekwisha kumzika mtu mwingine kwa maradhi hayo hayo. Karatasi tuliyopewa siku ya kuruhusiwa ilitaja dawa 3, saa za kuzimeza, na tarehe ya kurudi kliniki. Juu ya mkono na mguu haikuwa na hata neno moja.

Kwa kuwa hatukuambiwa la kufanya, tulifanya lile ambalo mapenzi na desturi vilituelekeza. Binti zake walimlisha kwa kijiko, wakamwosha, wakamvika, wakamsuka, wajukuu walimpepea, na sisi wanaume tulimbeba kumpeleka chooni na kumrejesha, mmoja akimshika kiunoni na mwingine akiuvuta ule mkono uliolegea ili ainuke upesi. Kila alipoonyesha nia ya kutenda jambo alikuwako mtu wa kulitenda kabla yake, kwa kuwa kwetu mwenye kumwacha mgonjwa wake ahangaike peke yake na kifungo cha nguo huonekana amekosa imani, na huenda majirani wakamsema. Miezi 3 ilipopita shangazi alikuwa amekonda, mkono umejikunja kifuani, vidole vimekaza, na yeye, aliyekuwa msemaji wa ua mzima, amekuwa mtu wa kuutazama ukuta. Tulisema ni kadari, tukasubiri.

Naandika makala haya kwa sababu nimesadiki kwamba huruma yetu ile, ambayo sina shaka ilikuwa safi, ilimlaza shangazi yangu zaidi ya alivyolazwa na kiharusi chenyewe. Na kwamba nyumba nyingi, za pwani na za bara, zinawalaza wapenzi wao vivyo hivyo hivi sasa nisemapo, pasipo mtu wa kuwaambia vinginevyo.

Elimu ya kumrudisha mtu katika maisha yake baada ya maradhi au ajali, ambayo wizara yetu ya afya huiita utengamao, imepata jina lililo bora kuliko tunavyotambua. Kutengamaa si kupona. Chombo kilichopigwa na tufani hutengamaa kinapoacha kuyumba, ingawa tanga lake limechanika. Mambo ya nyumba hutengamaa baada ya msiba, ijapokuwa aliyekwenda harudi tena. Tabibu anayetibu huuliza maradhi yamefika wapi, na ni haki yake kuuliza hivyo, maana bila ya yeye hakuna wa kutengamaa. Lakini mwenye elimu ya utengamao huuliza mtu huyu sasa aweza kutenda nini, mahali gani, na kwa msaada wa kitu gani. Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliidhinisha utaratibu mpya wa kueleza hali za watu, ambao hutenga kasoro ya mwili, kazi ambazo mtu anaweza kuzitenda, na ushiriki wake katika maisha ya wenzake, kisha ukayaweka mazingira yanayomzunguka kuwa mojawapo ya mambo yanayozidisha ulemavu au kuupunguza. Wachukue wanawake 2 wenye udhaifu ule ule wa mguu: mmoja nyumba yake ina sakafu iliyo sawasawa na choo cha kukalia hatua chache kutoka kitandani, mwingine ana kizingiti cha shibiri nzima, ua wa mchanga, na choo cha kuchuchumaa nyuma ya nyumba. Daktari akiwapima atawaandikia udhaifu mmoja, ilhali wa kwanza atajiendea chooni kwa siri yake na wa pili atangoja kubebwa mbele ya macho ya wakwe zake. Tofauti yao haimo mguuni.

Na mwili wenyewe nao una kanuni yake, ambayo laiti tungaliijua mapema. Ubongo uliojeruhiwa hujipanga upya kwa kutumiwa: sehemu zilizosalimika hujifunza baadhi ya kazi za ile iliyokufa, lakini hujifunza kwa kuirudia kazi yenyewe mara nyingi, wala hazijifunzi kwa kungojea. Mtaalamu wa Marekani, Edward Taub, aliona kwamba kima waliokatwa mishipa ya hisia ya mkono mmoja waliuacha mkono huo kana kwamba haupo, japokuwa uwezo wa kuusogeza walikuwa nao. Na mkono wao mzima ulipofungwa, ule ulioachwa ulianza kufanya kazi. Alisema wanyama wale walikuwa wamejifunza kutoutumia mkono. Kutokana na maarifa hayo ikatungwa tiba ya watu waliopatwa na kiharusi, ambayo kwayo mkono mzima huvikwa kifuko kwa sehemu kubwa ya mchana muda wa wiki 2, na ule dhaifu ukazoezwa kwa bidii kufungua, kushika na kuinua. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2006 kwa wagonjwa 222, waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu kupatwa na maradhi, ulionyesha kwamba waliotendewa hivyo waliuweza mkono wao zaidi ya wenzao, na nafuu hiyo ilikuwa ingalipo mwaka mmoja baadaye. Tiba hii haimfai kila mtu, kwani humtaka mgonjwa awe na uhai kidogo katika kifundo cha mkono na vidole; lakini funzo lake linamhusu kila mtu. Wataalamu wale waliufunga mkono mzima ili mkono dhaifu ulazimike kuamka, na sisi, kwa mapenzi yetu, tulimpa shangazi mikono mingine 10 iliyo mizima ili wake usiwe na haja ya kuamka kamwe.

Aliyetufumbua macho ni binti mmoja wa fiziotherapia, jamaa ya mkwe wetu, aliyekuja Pangani likizoni na kuingia kumjulia hali mgonjwa kama aingiavyo mgeni yeyote. Alimshikia miguu, akaketi mkekani, wala hakuanza kwa kuutazama mkono.

"Bibi, kabla ya maradhi haya, asubuhi ulikuwa ukifanya nini?"

Shangazi alikaa kimya kitambo, ulimi ukitafuta njia, kisha akasema, "Vitumbua."

Katika siku zote za hospitali, na katika miezi yote ya kuuguzwa na watu wanaompenda, hilo lilikuwa swali la kwanza aliloulizwa juu ya maisha yake. Binti aliomba bakuli la unga. Aliuweka mkono dhaifu ukingoni mwa bakuli, akavifungua vidole kimoja kimoja, akamwambia auache ukae hapo ulizuie bakuli, na mkono wa kushoto ushike upawa. Bakuli likateleza, unga ukamwagika, na mmoja wa dada zangu aliponyanyuka mbio kulishika, binti alimzuia kwa ishara ya kiganja. Nakumbuka jinsi dada alivyotoka nje kulia. Kwa siku 5 alizokuwa nasi, binti yule alipima kizingiti kwa shibiri, akahesabu hatua za kwenda chooni, akatutaka tutafute kitanda cha chini zaidi ili miguu ya shangazi ifike chini vizuri anapoketi, akachongesha kwa seremala wa mtaani kiti chenye tundu cha kuwekwa juu ya shimo la choo, akahamisha vyombo vya chai upande ule ambao shangazi alikuwa ameusahau. Alitufundisha kuulaza mkono juu ya mto usiku. Alitufundisha pia kwamba bega la aliyepooza halina misuli yenye nguvu ya kulishikilia, hata mfupa wa mkono huweza kushuka kutoka mahali pake, na kwa hiyo mtu wa namna hii huinuliwa kwa kushikwa mwilini, hawezi kuvutwa mkono ila kwa madhara.

Kuna jambo la sala ambalo sitaki kulipita. Shangazi alikuwa akisali amelala, kwa kuwa sisi tulimwambia, "Wewe lala tu, Mungu anajua," na tulidhani tunamrahisishia. Binti akauliza kama bibi aweza kuketi. Akaketi, kitini, akielekea kibla, na machozi yakamtoka. Mafakihi wetu walilifahamu jambo hili kabla ya hospitali yoyote kuwa na idara ya utengamao: asiyeweza kusimama husali ameketi, asiyeweza kuketi husali kwa ubavu, asiyeweza maji hutayamamu, lakini sala yenyewe haiondolewi juu yake maadamu akili anayo. Rukhsa imewekwa katika namna ya kutenda, na mtendaji ameachiwa heshima ya kuwa mwenye wajibu. Sisi, tunaozijua hukumu hizo tangu chuoni, tulimpa mgonjwa wetu rukhsa ya kila kitu, na kwa kufanya hivyo tukamvua kila kitu.

Wala si sisi wa kwanza kukosea kwa wema. Hadi vita kuu ya pili, askari aliyevunjika uti wa mgongo huko Ulaya alilazwa kwa upole, akapewa dawa za kutuliza maumivu, na aghalabu akafa katika muda mfupi kwa vidonda vya kulalia na uchafu wa njia ya mkojo, ilhali watu wote waliomzunguka wakimwonea huruma. Ludwig Guttmann, tabibu Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939, alipopewa wadi ya watu hawa katika hospitali ya Stoke Mandeville huko Uingereza mwaka 1944, aliamuru wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, kisha akawatoa vitandani akawapeleka kwenye karakana na viwanja vya michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, watu 16 wa vitini walishindana kulenga shabaha kwa upinde na mishale katika bustani ya hospitali, na kutokana na shindano hilo dogo ikazaliwa Michezo ya Paralimpiki. Guttmann alijulikana kuwa mkali. Nimewahi kujiuliza kama ndugu wa wale askari hawakumnung'unikia siku za mwanzo, kama tulivyomnung'unikia kimoyomoyo binti yule unga ulipomwagika.

Hata hivyo ningekuwa mdanganyifu kama ningesema kwamba ukali peke yake ndio dawa, au kwamba mgonjwa akiinuliwa upesi ndivyo atakavyotengamaa. Mwaka 2015 ulitangazwa uchunguzi wa wagonjwa 2,104 wa kiharusi katika nchi 5, na matokeo yake yaliwashangaza wengi: walioanza kuinuliwa kitandani mapema mno, ndani ya saa 24, kwa vipindi vingi na virefu, hali yao baada ya miezi 3 ilikuwa duni kuliko ya wale waliopata matunzo ya kawaida. Kazi hii ina vipimo vyake kama dawa ilivyo na vipimo vyake, na asiyevijua aweza kudhuru kwa kumwacha mgonjwa alale na kwa kumwinua pia.

Wala hapa simaanishi kwamba serikali iwafundishe jamaa kisha ijivue jukumu. Hoja hiyo husemwa mara nyingi, na ina sura nzuri: tuna wataalamu wachache, tuna jamaa wengi, basi jamaa wawe ndio wataalamu. Huko India jambo hili lilijaribiwa kwa uangalifu mkubwa katika hospitali 14 na wagonjwa 1,250. Jamaa walizoezwa namna ya kumfanyisha mgonjwa mazoezi, wakaendelea nayo nyumbani, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba baada ya miezi 6 idadi ya waliokufa au kubaki tegemezi haikutofautiana na ya wale ambao jamaa zao hawakuzoezwa. Niliusoma uchunguzi huo kwa uchungu, maana ulipinga nililotamani kuliamini. Lakini nikiupima kwa mizani ya yale niliyoyaona Pangani, naona unasema kweli: binti yule alipoondoka, sisi tuliobaki tulijitahidi, kisha tukachoka, kisha tukasahau, kisha tukarudia kumlisha kwa kijiko siku tulizokuwa na haraka, na tulipokuwa na swali, mathalani mguu ulipoanza kukaza, hapakuwa na wa kumwuliza. Wakati huo huo majaribio mengi yaliyokusanywa pamoja yamekwisha kuonyesha kwamba mgonjwa wa kiharusi anayefuatwa nyumbani na mtaalamu katika mwaka wa kwanza hudumu katika uwezo wake wa kuvaa, kula na kutembea kuliko asiyefuatwa. Familia ni mkono wa kazi hii, naam, lakini mkono nao unahitaji kichwa, na kichwa hicho sharti kilipwe mshahara.

Tena tukisema familia, tunasema wanawake. Binti mkubwa wa shangazi aliiacha biashara yake ya dagaa ili amwuguze mama yake, na mpwa wangu wa kike alikosa shule muhula mzima. Hakuna aliyeziandika hasara hizo katika daftari lolote la gharama za afya.

Kwa upande wa sheria na ahadi hatuna upungufu. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 26 kinazitaka nchi zianzishe huduma hizi mapema iwezekanavyo, na kuzisogeza karibu na watu wanapoishi, hata mashambani. Mwaka uliofuata tukatunga sheria yetu wenyewe. Tangu mkutano wa afya ya msingi wa Alma-Ata wa 1978 dunia imekuwa ikisema kwamba utengamao ufanyike katika jamii. Huko Moshi, tangu 1981, kimekuwako chuo cha kufundisha mafundi wa viungo bandia ambacho huja kusomewa na vijana wa nchi nyingi za Afrika. Si kweli, basi, kwamba elimu hii ni ngeni kwetu. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 wana hali ambazo zingepata nafuu kwa utengamao, na kwamba katika baadhi ya nchi zenye kipato cha chini na cha kati wataalamu hawafiki 10 kwa kila watu milioni 1. Na hao wachache tulio nao sisi wamekusanyika katika hospitali kubwa za mijini, mahali ambapo mtu aliyepooza, asiyeweza kupandishwa bodaboda na asiye na nauli ya gari la kukodi, hafiki. Fauka ya hayo, kiharusi hakipungui. Uchunguzi uliofanywa kati ya 2003 na 2006 wilayani Hai na Dar es Salaam ulionyesha kwamba, umri wa watu ukisawazishwa, maradhi haya Dar es Salaam yalikuwa karibu mara 3 ya yale ya Hai, na watu wengi waliopatwa nayo walikuwa na shinikizo la damu lisilotibiwa. Watu wa makamo waliokuwa mjini wakati ule ndio wazee wa leo.

Ninaloliomba kwa wenye mamlaka ni jambo la kadiri. Mgonjwa wa kiharusi, au wa kuvunjika, au wa kukatwa mguu, asitolewe wadini kwa karatasi ya dawa peke yake, bali iwepo na karatasi ya pili inayouliza urefu wa kizingiti cha nyumba yake, umbali wa choo, nani atakuwa naye mchana, na alikuwa akifanya kazi gani asubuhi kabla ya kuugua. Kila wilaya iwe na wataalamu wa fiziotherapia na wa tiba kazi ambao siku zao nyingine za kazi ziko nje ya hospitali, juu ya pikipiki, mitaani na vijijini, wakirudi kwa mgonjwa yule yule mara kwa mara hata itakapoonekana ametengamaa. Na bima za afya zihesabu ziara hizo kuwa tiba, kama zinavyouhesabu upasuaji kuwa tiba. Kabla ya yote hayo, na hili halihitaji bajeti ya miaka 5, iwepo nusu saa ya kukaa na jamaa siku ya kuruhusiwa, watu wakaonyeshwa kwa mikono yao wenyewe namna ya kumgeuza, kumketisha na kumwinua.

Shangazi hakurudi kukaanga vitumbua. Sasa hukaanga binti yake, na yeye hukaa barazani kando ya sinia, mkono wa kulia ukizuia kopo la fedha na wa kushoto ukihesabu chenji, na hakuna mtoto anayethubutu kumdhulumu hata senti. Huenda chooni kwa mkongojo, peke yake. Nusu saa ile niliyoitaja, kama tungaliipata, ingalitosha kutuambia tusimvute mkono. Bega lake linamwuma mpaka hivi leo, zaidi usiku wa mvua, na miongoni mwa mikono iliyolivuta mmoja ulikuwa wangu.